Catan: nusu ya mchezo imekwisha kabla dadu hazijarushwa

Kabla ya mrusho wa kwanza, kila mchezaji wa Catan, mchezo wa mezani wa kujenga kisiwani, huweka vijiji viwili na barabara mbili. Kwa watu wanne hivyo ni vijiji vinane, kazi ya dakika kumi hivi. Wanaoujua mchezo huu hukaa kimya wakati huo: vidole vinahesabu nukta, macho yanatoka pwani yanakwenda katikati ya kisiwa na kurudi. Mgeni anaweka kijiji chake popote panapopendeza, ili mchezo uanze. Saa moja baadaye ana vijiji vilevile viwili, kadi tatu za sufu mkononi, na analalamika kwamba dadu zimemkataa. Dadu hazina kosa. Alipoteza pale mwanzoni, na mchezo haukumwonya.

Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya Catan. Mchezo wenyewe ni kazi nzuri sana ya usanifu, na ni kwa sababu ni nzuri kiasi hicho kwamba kasoro hii inafaa kuelezwa vizuri. Klaus Teuber, aliyekuwa fundi wa meno kabla ya kuishi kwa kubuni michezo, aliutoa Ujerumani mwaka 1995, na mwaka huohuo ukapata Spiel des Jahres, tuzo ya mchezo wa mwaka ya nchi hiyo. Jina la awali lilikuwa Die Siedler von Catan, yaani walowezi wa Catan. Tangu 2015 unaitwa Catan tu.

Kisiwa kinapangwa kwa vigae 19 vya pembe sita: misitu 4, malisho 4, mashamba ya ngano 4, vilima vya udongo 3, milima 3 na jangwa 1. Msitu unatoa mbao, malisho sufu, shamba ngano, kilima tofali, mlima madini, na jangwa halitoi kitu. Juu ya vigae 18 vyenye mali huwekwa namba. 2 na 12 zipo moja moja. 3 hadi 6 na 8 hadi 11 zipo mbili mbili. 7 haimo, maana hiyo ni ya Jambazi, kipande kinachokizuia kigae kutoa mali. Kijiji hukaa kwenye njia panda, pale vigae vitatu vinapokutana, na dadu mbili zikitoa namba ya kigae chochote kati ya hivyo, mwenye kijiji anachukua kadi moja ya mali hiyo. Akikigeuza kijiji kuwa mji, anachukua mbili. Kijiji ni pointi 1, mji ni 2, na anayefika pointi 10 katika zamu yake ameshinda.

Tazama zile namba kwa karibu. Chini ya kila moja pamechapishwa nukta: 6 na 8, zilizoandikwa kwa rangi nyekundu, zina nukta tano, 5 na 9 zina nne, 2 na 12 zina moja tu. Nukta hizo si pambo. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka, na nukta ni idadi ya njia zinazoleta namba hiyo. Teuber ameiweka hesabu yote ya uwezekano mezani, mbele ya macho, bila jedwali na bila somo. Mtoto wa miaka kumi akiicheza mara tatu anajua kwamba 8 inatoka mara nyingi kuliko 11, na anajua kwa kiasi gani. Ni michezo michache ya nyumbani inayofundisha jambo zito kwa urahisi huo.

Na mali hugawiwa kwa kila mrusho, awe amerusha nani. Huu ndio uamuzi bora kuliko yote katika mchezo huu. Katika Monopoly ukimaliza zamu yako unakaa kusubiri kodi, na aliyefilisika anaondoka mezani huku wenzake wakiendelea. Katika Catan mrusho wa jirani unaweza kukupa kadi mbili, hata tatu, kwa hiyo macho hayabanduki kwenye dadu. Tena hakuna anayetolewa. Kijiji kikishajengwa hakibomolewi.

Sasa turudi kwenye ule mpango wa mwanzo, kwa hesabu. Nukta zote za kisiwa ni 58, kwa hiyo kigae cha wastani chenye namba kina nukta tatu na kidogo. Kwa kuwa namba nyekundu hazitakiwi kupakana, njia panda bora kabisa ina nukta 13: moja ya tano na mbili za nne. Chukua mchezaji mwenye nukta 20 kwa vijiji vyake viwili, na mwingine mwenye 15. Wa kwanza anatarajia kadi 20/36 kwa kila mrusho. Mirusho minne ya mzunguko mmoja inampa kadi 2.2. Wa pili anapata 1.7. Tofauti ni nusu kadi, na kwa kusikia inaonekana haina uzito. Lakini kijiji cha tatu kinadai kadi nne (mbao, tofali, sufu, ngano), na kwa kuwa vijiji haviruhusiwi kukaa kwenye njia panda zinazofuatana, lazima uongeze angalau barabara moja ya mbao na tofali. Jumla kadi sita. Ukiacha kadi za kuanzia, wa kwanza anazikusanya kwa mizunguko 2.7, wa pili kwa 3.6. Karibu mzunguko mzima wa kuchelewa, na mara nyingi sehemu waliyokuwa wanaikimbilia wote wawili ni ileile moja. Aliyewahi anaichukua. Kijiji chake cha tatu kinaongeza mapato yake, cha nne kinakuja mapema zaidi, na tofauti ya nusu kadi imeshakuwa ya kadi mbili. Mwenye nacho anaongezewa.

Ubao nao unajaa haraka. Una njia panda 54, na kila kijiji hujifunga chenyewe pamoja na hadi njia panda tatu za jirani. Vijiji vinane vya mwanzo vinaweza kufunga hadi 32 kabla mtu hajarusha chochote. Kwa watu wanne mchezaji aliyekosea anaweza kujikuta hana pa kujenga kijiji cha tatu hata akiwa na kadi zote. Kwa watu watatu kosa hilo husameheka, kwa sababu nafasi zinabaki. Ndiyo maana meza ya wageni watupu inafaa kuanza na watu watatu, ingawa biashara ni tamu zaidi wakiwa wanne.

Teuber aliliona tatizo hili, na alilitibu kwa utaratibu wa kwenda na kurudi: wa kwanza hadi wa nne wanaweka, kisha wa nne hadi wa kwanza. Aliyechagua wa kwanza anachagua pia wa mwisho. Ni dawa nzuri, lakini inagawa nafasi kwa haki na haigawi ujuzi. Mchezaji wa nne anaweka vijiji viwili mfululizo, kwa hiyo anaweza kuvipanga kama jozi, kimoja cha mbao na tofali, kingine cha ngano na madini. Mgeni aliyekaa kiti hicho hajui kwamba amepewa fursa hiyo.

Kinachosaidia ni kuhesabu mali kabla ya kuhesabu njia panda. Jumlisha nukta za kila mali kisiwa kizima. Tuseme vilima vitatu vya udongo vimeangukiwa na 3, 11 na 4: nukta 2, 2 na 3, jumla saba tu, wakati mbao ina kumi na tano. Katika kisiwa hicho kila mtu atalilia tofali kwa nusu saa ya kwanza, maana barabara na kijiji vyote vinalihitaji. Kijiji cha nukta 9 kinachogusa tofali hapo kinashinda kijiji cha nukta 12 kisicholigusa. Au uchague kuliacha kabisa: mji unadai madini matatu na ngano mbili, kadi ya maendeleo, inayonunuliwa bila kujua itakuwa ipi, inadai madini, ngano na sufu, na hakuna tofali wala mbao ndani yake. Njia hiyo ya madini na ngano ina nguvu, ila usiifuate bila mpango wa angalau kijiji kimoja cha ziada. Vijiji viwili vikiwa miji ni pointi 4, Jeshi Kubwa (pointi 2 za aliyecheza kadi nyingi zaidi za askari) likiongezwa ni 6, na kutoka hapo hadi 10 ni mbali kwa kutegemea kadi za bahati.

Dawa ya pili ya Teuber kwa pengo hili ni biashara, nayo ndiyo roho ya mchezo. Mwenye zamu anaweza kubadilishana kadi na yeyote, kwa kiwango chochote wanachopatana, isipokuwa hawezi kumpa mtu kadi bure. Wasio na zamu hawaruhusiwi kubadilishana wao kwa wao. Sharti hili la mwisho ni dogo lakini limebeba mengi: linamfanya mwenye zamu, hata akiwa wa mwisho kwa pointi, kuwa mtu anayetafutwa na wote kwa dakika mbili. Asiyepatana na mtu anakwenda benki kwa nne kwa moja, au bandarini. Bandari ni tisa: nne za tatu kwa moja kwa mali yoyote, tano za mbili kwa moja, kila moja kwa mali yake. Sufu, ambayo haiingii kwenye barabara wala mji na kwa hiyo hurundikana, hupata thamani mpya kabisa kwa mwenye bandari yake.

Tatizo ni kwamba biashara inamsaidia aliye na kitu cha kutoa. Aliye nyuma ana kadi chache, na mara nyingi ni za mali ambayo wote wanayo. Mwanzoni wote huuza kwa moyo. Kufikia pointi 7 au 8 mlango unafungwa: hakuna anayemuuzia anayeongoza, na kwa hofu hawauziani hata wengine. Sehemu iliyokuwa na kelele na vicheko inageuka kuwa kurusha dadu na kusubiri, na dakika ishirini za mwisho za Catan huwa kavu kuliko dakika ishirini za kwanza. Mbaya zaidi, mtu mwenye pointi 4 asiye na njia yoyote ya kushinda ndiye anayebaki na sauti: kadi yake moja ya ngano inaamua nani kati ya wawili wenye 8 ashinde. Mchezo haumpi sababu yoyote ya kimchezo ya kumchagua huyu badala ya yule, kwa hiyo anachagua kwa urafiki au kwa kinyongo.

Kadi za maendeleo zinalipunguza hilo kidogo. Ziko 25: askari 14 wa kumhamisha Jambazi, pointi za ushindi 5, na mbili mbili za kujenga barabara, za kuchukua mali yoyote mbili benki, na za kudai mali ya aina moja kutoka kwa wote. Zile tano za pointi hukaa zimefichwa mpaka mwisho. Mwenye pointi 7 za wazi na kadi mbili ambazo hajazicheza anaweza kuwa na 7, 8 au 9 kamili. Wasiwasi huo ni mzuri, unazuia meza nzima kumgeukia mtu mmoja kwa uhakika. Barabara Ndefu inafanya kinyume. Ina pointi 2 kwa mwenye mlolongo mrefu kuliko wote, wa angalau barabara tano, na ikihama inamtoa huyu 2 na kumpa yule 2, pengo la pointi nne kwa bei ya barabara moja, kadi mbili tu. Ni nyingi mno kwa tendo dogo kiasi hicho.

Kuhusu Jambazi, wengi humlaumu kwa sababu isiyo sahihi. 7 inatoka kwa wastani mara moja katika mirusho sita. Ikitoka, kila mwenye kadi zaidi ya saba anatupa nusu, kwa kupunguza chini (mwenye nane anatupa nne, mwenye tisa pia nne), kisha aliyerusha anamhamisha Jambazi kwenye kigae kingine, kigae hicho kinaacha kutoa mali, na anachomoa kadi moja bila kuiona kutoka kwa mwenye jengo jirani. Kikomo cha kadi saba ni sheria nzuri, inawalazimisha watu kujenga na kuuza badala ya kulimbikiza. Ifahamu tu kwa namba. Ukimaliza zamu na kadi nane, dadu zitarushwa mara nne kabla hujaweza kujenga tena: tatu za wenzako na yako mwenyewe. Uwezekano wa kuvuka mirusho minne bila 7 ni asilimia 48. Yaani kuna zaidi ya nusu ya uwezekano kwamba nne zitaondoka. Afadhali ubadilishe mbili kwa moja na jirani, hata kama bei inauma.

Kinachokera ni uhuru wa kumweka popote. Sheria haiulizi nani anaongoza. Mwenye pointi 2, ambaye kigae chake kimoja cha 6 ndicho kinachomlisha, anaweza kuwekewa Jambazi akasubiri mizunguko mitatu. Meza nyingi zimejitungia sharti kwamba Jambazi hawekwi kwenye kigae cha mchezaji mwenye pointi 2 tu. Lifuateni. Halivurugi chochote na linaokoa nusu saa ya kwanza ya mtu aliyebahatika vibaya.

Maana bahati mbaya ipo, hata kwa aliyepanga vizuri. Uwezekano wa 6 kutotoka kabisa katika mirusho 12 ni kama asilimia 17, karibu mara moja katika sita. Ukiwa na uchumi uliosimama juu ya 6 mbili, mizunguko mitatu ya njaa inakungoja katika michezo mingi. Kinga ya kwanza ni kutawanya: namba tano au sita tofauti kwenye vijiji viwili, badala ya tatu zilizojirudia. Kinga ya pili ni kuacha dadu na kutumia karatasi 36, kila moja na jumla yake kwa idadi halisi, 2 moja, 3 mbili, mpaka 7 sita, kisha kushuka tena. Zichanganyeni, chomoeni moja kila zamu, na zikibaki tano zirudisheni zote mchanganye upya. Hizo tano ni muhimu. Mkizimaliza zote, mwenye kumbukumbu atajua kwamba 8 zimekwisha na kigae chake kimekufa, au kwamba karatasi ya mwisho ni 7. Karatasi zinafanya mchezo uwe wa haki zaidi na wa kimya zaidi. Kwa wanaoujua zinafaa. Kwa wageni waachieni dadu, kwa sababu kile kishindo cha 6 inayosubiriwa na watu watatu ni sehemu ya kinachowafanya warudi.

Kuna sheria chache zinazokosewa mara kwa mara na zikaharibu uwiano. Kadi ya maendeleo haichezwi zamu ileile iliyonunuliwa, isipokuwa kadi za pointi zinapokamilisha ushindi, na zamu moja inaruhusu kucheza moja tu. Askari anaweza kuchezwa kabla ya kurusha dadu, jambo linalomwezesha aliyezibiwa kigae kumwondoa Jambazi kwanza. Mali za kuanzia hutolewa kwa kijiji cha pili, si cha kwanza. Kijiji cha mpinzani kikijengwa katikati ya barabara yako kinaukata mlolongo. Na benki ikikosa kadi za kutosha za mali fulani kwa wote wanaostahili, hakuna anayepata, isipokuwa anayedai ni mmoja tu. Huyo huchukua zilizobaki. Wanaosahau hili hukopeshana kwa vipande vya karatasi na kuua uhaba ambao mchezo unautegemea.

Kwa vifaa, sina malalamiko mengi. Fremu sita za bahari zinashikana na kukizuia kisiwa kisisambaratike meza ikiguswa. Kila mchezaji ana vijiji 5, miji 4 na barabara 15, na kikomo hicho kina kazi: aliyemaliza vijiji vyake vitano lazima ageuze kimoja kuwa mji ili apate kipande cha kujengea tena. Lakini rangi nyekundu na ya machungwa kuwa pamoja ndani ya boksi moja la watu wanne ni kosa. Kwenye mwanga hafifu barabara za wawili hao zinafanana, na Barabara Ndefu huhesabiwa vibaya. Mkiwa watatu, wekeni kando moja ya hizo mbili.

Nunua boksi la msingi, na usikimbilie nyongeza ya watu watano na sita. Katika toleo lake la miaka mingi linalopatikana kwa wengi, watu sita wanasubiri zamu muda mrefu mno, na ile nafasi ya kujenga baada ya zamu ya mwingine imewekwa ili kadi zisirundikane mpaka Jambazi azifute. Inazuia hasara, lakini haimruhusu mtu kufanya biashara, na bila biashara umekaa mezani ukingoja tu. Watu sita wakifika, afadhali watatu wacheze hapa na watatu pale.